Ziwa Halilindwi na Wenye Ufuo Pekee

Asimamaye katika uwanda wa Ndabibi hahitaji ramani ili aelewe maji yatokako na yaendako. Mashariki yake limelala Ziwa Naivasha, kaskazini imesimama milima ya Eburru, na magharibi umejiinua ukingo wa Mau. Vijito viteremkavyo kutoka huko juu mara nyingi havilifikii ziwa kwa njia ya ardhini. Huingia uwandani, hupungua hatua kwa hatua, kisha huzama katika udongo uliotokana na majivu ya volkano. Mwenye haraka atasema vimekufa. Mwenye busara atatambua kwamba vimekwenda kuongeza akiba ya maji yaliyo chini ya miguu yetu.

Tumeanza na habari ya vijito hivyo kwa sababu vinabeba somo ambalo wengi wanaoshughulikia uhifadhi wa bonde la Naivasha wamechelewa kujifunza. Macho ya wakubwa, wageni na waandishi huelekea ziwani, penye viboko, furukombe na mashamba ya maua. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mlima. Lakini ziwa ni mwisho wa safari tu. Ukitaka kulitetea ziwa, huna budi kuutetea mto. Na ukitaka kuutetea mto, huna budi kusimama pamoja na mtu anayelima mtelemkoni.

Haitakuwa haki kusema kwamba ziwa hili halijapata watetezi. Wenye ardhi za kandokando yake waliunda chama chao tangu mwaka wa 1929. Juhudi za chama hicho zilichangia pakubwa Naivasha kutambuliwa mwaka wa 1995 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya pili nchini Kenya baada ya Ziwa Nakuru lililotambuliwa mwaka wa 1990. Mwaka wa 1999 chama chenyewe kilitunukiwa tuzo ya Ramsar ya uhifadhi wa ardhioevu. Hizo si sifa ndogo, na anayestahili pongezi apewe.

Hata hivyo, historia ina upande wa pili. Mpango wa usimamizi wa ziwa, uliobuniwa na watetezi hao, ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka wa 2004. Wapo waliohisi kwamba wameachwa nje ya mashauriano, wafugaji wakiwa miongoni mwao, na shauri likafika mahakamani. Utekelezaji ukakwama. Mpango ulioandikwa kwa nia njema ulishindwa na jambo moja: wenye kiu hawakuulizwa njia ya kisima ipitie wapi.

Wakati ufuoni mabishano yakiendelea, milimani msitu ulikuwa ukimegwa. Mwaka wa 2001 Serikali ilitoa zaidi ya hekta 60,000 za Msitu wa Mau zigawanywe. Madhara hayakukawia kuonekana katika mito mingi inayotegemea msitu huo. Kwa upande wa Nyandarua, ambako Mto Malewa huanzia na kuliletea ziwa sehemu kubwa ya maji yake, mashamba yalizidi kusogea hadi kingo za vijito, na udongo wenye rutuba ukawa unasombwa na maji kila msimu wa mvua. Kisha ukaja ukame wa mwaka wa 2009. Ziwa lilirudi nyuma likaacha matope yaliyopasuka, na mwaka uliofuata samaki wengi walikufa.

Huenda msomaji akatuuliza: Ziwa lenyewe lilifurika mwaka wa 2020, likazifukuza familia makwao, mbona mwatuhubiria kuhusu uhaba wa maji? Swali hilo ni la haki. Mvua nyingi ndiyo iliyolijaza ziwa, wala hatudai kwamba miti ingeizuia mvua isinyeshe. Lakini mlima wenye msitu hupokea mvua kama mama mwenye nyumba apokeavyo mshahara: hutumia kiasi na kuweka akiba. Mlima ulio uchi huitapanya yote kwa siku moja, pamoja na udongo wake, kisha hukaa na njaa hadi mwezi mwingine. Mafuriko na ukame si maadui wawili tofauti. Mara nyingi huingia kupitia mlango mmoja tuliouacha wazi.

Basi, raia wa kawaida afanye nini? Zamani angeweza kujibiwa kwamba halimhusu. Wasomaji watakumbuka, au watakuwa wamefundishwa, kwamba mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi yake ilitupwa. Mahakama ilisema kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwani hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi. Jumba halikujengwa, lakini ni kelele za umma na kujiondoa kwa wafadhili kulikoiokoa bustani, si sheria.

Leo sheria imegeuka. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka. Isitoshe, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 inampa raia nafasi ya kuiuliza ofisi ya umma ni nani aliyepewa kibali cha kuvuta maji, na ni kiasi gani. Mlango uliofungwa mwaka wa 1989 sasa u wazi. Aibu itakuwa yetu tukiendelea kusimama nje.

Lakini haki iliyo vitabuni haitoshi. Mkulima wa mtelemkoni akiambiwa aache kulima ukingo wa kijito, atauliza watoto wake wale nini. Swali lake lisipojibiwa, makongamano yote ni kazi bure. Bonde hili limewahi kulijibu. Kuanzia mwaka wa 2010, chini ya mradi uliosimamiwa na mashirika ya WWF na CARE, watumiaji wa maji walio chini, wakiwemo wakuzaji wa maua, walianza kuwalipa wakulima wa sehemu za juu za Malewa kwa hati za kununulia pembejeo. Wakulima nao walipanda nyasi za kuzuia mmomonyoko, wakapanda miti, na kuacha kulima kando ya maji. Malipo hayakuwa makubwa. Hata hivyo, yalikiri ukweli mkubwa: anayetunza chemchemi anamfanyia kazi anayekunywa mtoni, na mfanyakazi hustahili ujira wake.

Haki hiyo hiyo yapasa kuwafikia wanaoishi na wanyama. Msitu wa Eburru ni mmoja wa misitu michache iliyosalia duniani ambako bongo wa milimani angali akiishi porini. Mnyama huyo hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Kenya, na idadi yake inakadiriwa kuwa chini ya 100. Ua wa umeme wa takriban kilomita 43 uliozungushwa msitu huo ulikamilika mwaka wa 2014, kwa faida ya mnyama na ya mkulima pia. Lakini ua haulindi kila shamba, na nyati au kiboko hajui mpaka. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliahidi fidia, ikiwemo shilingi milioni 5 kwa familia iliyofiwa. Ahadi hiyo imesumbuliwa na ucheleweshaji mwaka nenda mwaka rudi. Anayemtetea bongo na kumsahau mjane wa aliyeuawa na nyati hajautetea msitu. Amewaongezea wanyama maadui.

Hapa ndipo tunapowageukia walimu na wanafunzi, hasa wa Ndabibi, Eburru, Maiella na vitongoji vya jirani. Utetezi wa mto hudhoofika kwa kukosa ushahidi. Siku ya mkutano wa hadhara, mwenye mradi hufika na vitabu vya takwimu, na mwananchi hufika na kumbukumbu ya babu yake. Kumbukumbu ya babu ni ya thamani, lakini mbele ya hakimu huhitaji mwenzake. Shule inaweza kuwa huyo mwenzake. Kipimo cha mvua hakigharimu pesa nyingi. Kijiti chenye alama kikisimamishwa mtoni huonyesha kina cha maji kila asubuhi. Chupa nyeupe ikijazwa maji na kuachwa itulie huonyesha kiasi cha matope yaliyoshuka kutoka mlimani. Daftari la shule likijazwa kila siku kwa miaka 5, kwa tarehe na mkono wa mwalimu anayeaminika, litasema mambo ambayo wakili hawezi kuyapuuza.

Wanafunzi wa Eburru wana somo jingine mlangoni pao. Huko juu, ambako mito ni adimu, watu wamevuna maji kwa kupoza mvuke unaotoka ardhini. Mtoto aliyekunywa maji yaliyopatikana tone kwa tone hahitaji kuelezwa thamani yake. Huyo ndiye tungependa kumsikia akizungumza mbele ya kamati ya bunge la kaunti.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya watumiaji wa maji wa juu na wa chini viandike ombi moja la pamoja badala ya kila kimoja kwenda kivyake. Ombi hilo liwasilishwe kwa kaunti za Nakuru, Nyandarua na Narok kwa pamoja, maana maji hayaijui mipaka ya kaunti. Pili, vibali vyote vya kuvuta maji kutoka mito na visima vya bonde hili vibandikwe hadharani, katika afisi za machifu na masokoni, ili jirani amjue jirani yake. Tatu, malipo kwa watunzaji wa vyanzo vya maji yawe ya kudumu na yawekwe katika bajeti za umma, yasitegemee ukarimu wa wafadhili ambao leo wapo na kesho hawapo.

Yako mataifa yaliyopoteza mito yao kwa vita. Sisi tumo hatarini kuipoteza mito yetu kwa adabu mbaya ya kudhani kwamba kuna mtu mwingine anayeishughulikia. Mwenye ufuo humtazama mkulima, mkulima humtazama chifu, chifu huitazama Serikali, na Serikali humtazama mfadhili. Wakati huo maji yanaendelea kushuka, yakichukua udongo wa Mau na wa Nyandarua.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko mlimani, nao unaonekana wazi kutoka Ndabibi. Na uzibwe na wote wanywao maji yake.