BWANA SHAMBA ANASEMA: Mdomo Huweza Kuundwa Upya



Mwezi huu sisemi habari za pamba. Tuongee juu ya mdomo.

Hapa Kalemela nilimkuta mzee mmoja akipalilia huku amejifunga kitambaa mdomoni. Alikifungua. Mdomo wake wa chini ulikuwa na kidonda cha miezi minne. Aliogopa kukatwa. Aliniuliza, "Nikikatwa mdomo, uji si utamwagika?"

Swali hilo ni la haki.

Saratani ya mdomo hutokea zaidi mdomo wa chini, kwa sababu ndio unaopigwa na jua. Sisi wakulima tunakaa juani kutwa. Ndugu zetu wenye ualbino wamo hatarini zaidi, basi wavae kofia pana. Kiko na sigara navyo huleta hatari.

Daktari hukata kidonda pamoja na nyama nzima kidogo ya pembeni, ili ugonjwa usibaki. Kama alichokata hakizidi theluthi moja ya mdomo, huvuta kingo mbili akazishona. Hubaki kovu tu. Ndiyo maana kuwahi ni bora. Kama ni zaidi, huchukua nyama ya shavu au ya mdomo wa juu.

Wewe uliyewahi kubebesha mchungwa utaelewa upesi. Ila hapa kijiti hakitengwi na mama yake mara moja. Kipande cha mdomo wa juu huachwa kimeshikwa na nyama kidogo yenye mshipa wa damu. Hugeuzwa, kikashonwa chini. Midomo hukaa imeungana wiki mbili au tatu. Mgonjwa hunywa uji kwa mrija. Kipande kikishashika, daktari hukata kiungo kile, na mdomo hufunguka. Daktari Robert Abbe wa New York, Marekani, alitumia njia ya namna hii mwaka 1898, ila yeye alihamisha nyama ya mdomo wa chini kwenda wa juu. Si majaribio.

Sikudanganyi. Mdomo huweza kuwa mdogo kuliko zamani, na ganzi huweza kukaa miezi. Lakini mtu hula, na husema.

Kidonda cha mdomo kikipita wiki tatu bila kupona, nenda zahanati. Usikipake dawa ya mifugo! Nimeona watu wakifanya hivyo.

Mzee yule sasa ana barua ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza. Palizi yake majirani wamekubali kuimaliza.