LEZA YA MACHO: ULIZA KWANZA, UKATWE BAADAYE!

NDUGU msomaji, kijana wa Chake Chake, Wete au Mkoani akichoka kuitwa "macho manne" maskani, hakosi wa kumnong'oneza habari ya leza. Dakika chache tu, bwana! Unaingia na miwani, unatoka bila miwani. Basi karafuu zinauzwa, mkopo unatafutwa, tiketi ya boti inakatwa, safari ya Dar es Salaam, Nairobi au India inaanza. Katika pilikapilika zote hizo anaulizwa swali moja tu: pesa unazo?

Mwandishi wa makala haya si daktari, ameishia kidato cha nne. Lakini hata asiyesoma kabisa anajua kuwa jicho halina spea.

Wapiga debe hawakwambii hili: leza ya kuondoa miwani huchonga konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Kwa njia iitwayo LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukifunua, huchonga chini yake, kisha hukirudisha. Kilichochongwa ndiyo basi, hakirudi. Bibi yako mwenye mtoto wa jicho haponi kwa njia hiyo. Yeye anahitaji upasuaji wa kutoa lenzi yenye ukungu na kuwekewa ya bandia. Na nuru iliyokwishapotea kwa presha ya macho, hakuna leza ya kuirudisha. Anayewauzia wote hao neno moja tu, "leza", huyo ni mchuuzi, si tabibu.

Je, wewe unafaa? Uwe umetimiza angalau miaka 18, na namba ya miwani yako isiwe imebadilika kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Konea yako ipimwe unene na umbo, kwa sababu iliyo nyembamba mno, au inayochongoka kama koni, ikiguswa huharibika zaidi. Macho makavu na kisukari navyo visemwe mapema. Hospitali isiyowahi kumwambia mtu "wewe hufai" ni duka, tena duka la magendo!

Sasa tuje kwenye kazi yako. Baadhi ya watu baada ya leza huona duara za mwanga na mng'ao kila wakitazama taa usiku. Kwa karani wa ofisini hilo ni kero. Kwa mvuvi wa dagaa anayefanya kazi na taa baharini, au dereva wa gari ya Chake hadi Konde anayerudi usiku, hilo ni suala la roho za watu. Mchuma karafuu naye akipigwa na tawi jichoni, kile kifuniko kinaweza kufyatuka, hata kama miaka imepita. Ipo njia nyingine, PRK, isiyo na kifuniko. Kupona kwake ni pole pole na maumivu yake ni zaidi, lakini mtu wa kazi za kupigwa usoni yampasa aiulizie. Daktari atajuaje kuwa wewe hupanda mikarafuu kama hakukuuliza, nawe hukumwambia?

Msidhani haya ni maneno ya watu wa baraza. Marekani yenyewe iliruhusu leza hii mwaka 1995. Julai 2022, mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa rasimu ya mwongozo ikitaka wagonjwa waonywe waziwazi kuhusu macho kukauka, kuona vitu viwiliviwili, shida ya kuendesha gari usiku na maumivu yasiyokwisha. Baadhi ya madaktari wa fani hiyo walikuja juu. Mmarekani aonywe, Mpemba aambiwe "dakika kumi tu"?

Piga na hesabu ya safari. Daktari anatakiwa kukuona tena ndani ya saa 24 hadi 48, kisha kila baada ya muda kwa miezi isiyopungua sita. Nauli na malazi hayo umeyaweka? Kuogelea ni mwiko kwa wiki kadhaa. Maji ya udhu nayo yasiingie jichoni siku za mwanzo: muulize daktari ni siku ngapi, na shekhe wako akueleze la kufanya. Maumivu yakizidi au nuru ikipungua, usingoje boti ya Jumamosi. Kimbilia hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.

Na ukiletewa fomu ya Kiingereza, usitie saini! Dai isomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Uliza: nani atanikata? Ameshakata wangapi? Mambo yakiharibika, nani atalipa? Kuelezwa ni haki yako, si hisani ya mtu mwenye koti jeupe.

Watakaosema tunapinga maendeleo, jina hilo tumeshalizoea. Waliofanyiwa wengi wameridhika na wanaona vizuri. Ila ujue pia kuwa ukifika miaka arubaini na kitu, miwani ya kusomea inaweza kukurudia vilevile. Nani alikwambia hilo?

Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini anayetaka kuyapeleka macho yake yakakatwe, huyo lazima aambiwe!