Waraka wa wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA: kilomita ziandikwe kwenye kadi ya gari

Ndugu Kamishna Mkuu,

Nakuandikia kutoka Mbeya kuhusu magari yanayopendwa sana huku Nyanda za Juu Kusini: Crown Athlete, Mark X, na mara mojamoja BMW au Mercedes-Benz yenye injini kubwa. Dalali akileta gari la aina hiyo, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, swali la kwanza ni "namba gani?" Namba E ina bei yake, D ina yake, na C huuzwa kwa kubembelezana.

Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mark X ya mwaka 2006 iliyoshuka bandarini juzi huuzwa kwa mamilioni zaidi ya pacha wake aliyeingia 2014, hata kama huyo wa zamani ndiye aliyetunzwa. Sababu mojawapo ni kodi. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30 kwa ajili ya umri, na injini inayozidi CC 2,000 huongezewa asilimia 10, mbali na ushuru wa forodha na VAT. Mwenye gari huipitisha gharama hiyo yote kwa anayemuuzia. Kenya imezuia kabisa magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tumeyaruhusu, nami naunga mkono, kwa kuwa bila hivyo wengi wetu tusingemiliki V6.

Kinachotuumiza ni kununua bila kujua gari limetembea kiasi gani. Injini ya 4GR-FSE ya Mark X hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kadiri inavyotembea ndivyo kaboni inavyojaa kwenye valvu. Gia boksi ya otomatiki ambayo haijabadilishwa oili miaka mingi haijionyeshi kwenye barabara tambarare ya Dar es Salaam. Inajionyesha kwenye mlima wa Kitonga, ukiwa na familia ndani na rejeta inachemka. Kwa hiyo namshauri kila mnunuzi alipandishe gari mlima kwanza, kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, kabla ya kutoa hata shilingi. Lakini jaribio la nusu saa haliwezi kufichua kilomita zilizorudishwa nyuma.

Cheti cha Japan cha kusafirishia gari nje mara nyingi hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko, na nyaraka za gari hupitia kwenu wakati wa kutoa mzigo. Naomba takwimu hiyo ihamishiwe kwenye kadi. Kila umiliki unapobadilishwa, kilomita zisomwe tena na ziandikwe, na mnunuzi aweze kuziona kwa kuingiza namba ya gari kwenye simu. Anzeni na magari yanayozidi CC 2,000, kwa sababu hayo ndiyo yanayomaliza akiba za watu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mnunuzi wa magari, Mbeya

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)