Grupu na betri: anayeshika swichi ni nani?

Mji wa Kolwezi unachimba kobalti ya betri za dunia. Kongo peke yake inatoa takriban asilimia 70 ya madini hayo. Nzilo na Nseke, mabwawa yaliyojengwa miaka ya 1950, yako karibu, na waya mrefu wa kutoka Inga, kilomita kama 1,700, unaishia hapahapa tangu 1982. Na bado jioni watu wanauliza kama moto umerudi. Umeme unapita juu ya vichwa kwenda kwenye migodi, ambayo nayo haitosheki.

Kwa hiyo vituo vya afya, makanisa, radio na wenye duka wanajitafutia: paneli, betri, na grupu la mazutu. Siku hizi wageni wanazungumzia pia seli za haidrojeni, zinazotoa umeme na maji bila moshi. Afrika Kusini kampuni za simu zimeziweka kwenye minara. Hapa haidrojeni itoke wapi, kwa barabara zipi? Waliouza wazo hilo wajibu kwanza.

Lakini kuna somo moja la seli hizo ambalo linafaa hata leo. Seli haipendi kushtuliwa. Ukiiwasha na kuizima ovyo, au ukiibebesha mzigo ghafla, inachakaa mapema. Ndiyo maana mafundi huifunga pamoja na betri: seli inatoa umeme taratibu, kwa kiwango kilekile, na betri inapokea mishtuko, kama pampu inapoanza kuvuta. Grupu nalo liko hivyohivyo. Likiunguruma usiku kucha kwa taa chache, linakunywa mazutu bure na masizi yanajaa ndani.

Tuseme kituo kinatumia wati 300 kwa saa 12 za usiku. Hizo ni kilowati-saa 3.6. Grupu la kilowati 3 likiendeshwa jioni kwa kilowati 2, likijaza betri, linamaliza kazi kwa saa mbili na nusu hivi, pamoja na kinachopotea njiani. Kisha linazimwa, na wagonjwa wanalala bila kelele. Betri 4 za volti 12 na ampea-saa 200 zinabeba usiku huo bila kushuka chini ya nusu. Betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu kila siku haidumu, hata muuzaji aape vipi. Mchana wa jua, paneli zinapunguza hata hizo saa mbili na nusu.

Hesabu si ngumu. Kinachoshindikana ni swichi. Mtu anachomeka pasi, mwingine anachaji simu za mtaa mzima kwa faranga kidogo, na saa nane usiku frigo ya chanjo imezima. Kidhibiti kizuri kinakata mizigo isiyo ya lazima kabla ya ile ya lazima, lakini mara nyingi ndicho kinachoachwa nje ya bei ili paneli zionekane nyingi siku ya kukata utepe.

Hapo ndipo familia zilizohamishwa zinapohusika. Kasulo ilivunjwa nyumba mwaka 2017, na ripoti ya Amnesty International ya 2023 ilieleza yaliyowapata wakaazi wa Cité Gécamines. Mtu aliyekuwa na waya wa SNEL, akapelekwa mahali pasipo na waya, hajalipwa kwa kupewa paneli moja na taa tatu. Mazungumzo ya fidia yanapaswa kuandika wati, uwezo wa betri, kidhibiti, na pesa za kubadilisha betri baada ya miaka michache. Yaandike pia jina la kazi ya mtu wa mtaa atakayefundishwa na kulipwa kushika ufunguo wa chumba cha betri. Kamati za wahamishwa zinazokaa na migodi ziulize hayo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu baada ya sahihi simu za wakubwa hazipokelewi.