Lubumbashi: Koponi haikuvunjwa na bahati mbaya

Kila Jumapili asubuhi, katika komini za Kenya, Katuba na Kampemba, kilio ni kile kile: "Mechi moja tu imeniua!" Kijana alipanga timu kumi kwenye koponi ya pari, tisa zikashinda, ya kumi ikatoka sare, pesa ikaenda. Wenzake wanampa pole kama mtu aliyeibiwa njiani. Hakuna aliyempora. Alinunua kitu kibovu kwa bei ya juu, na wapo watu wanaomfundisha kukinunua.

Hesabu yake si ngumu. Hata kama kila timu kati ya hizo kumi ni kubwa kweli, yenye nafasi 80 kwa 100 ya kushinda, nafasi ya zote kumi kushinda pamoja ni karibu 11 kwa 100 tu. Nafasi ya tisa kushinda na moja kukataa ni karibu 27 kwa 100. Maana yake, kukosa kwa mechi moja kunatokea zaidi ya mara mbili kuliko kupata. Kile wanachokiita bahati mbaya ndiyo tabia ya kawaida ya koponi ndefu.

Ubovu mwingine umejificha ndani ya "kote", ile namba ya malipo. Pambano ambalo pande mbili zina nafasi sawa lingelipwa mara 2. Kampuni inalipa, kwa mfano, 1.85, na tofauti hiyo ndiyo chakula chake. Anayecheza moja moja kwa bei hiyo, kwa muda mrefu anarudishiwa franka 925 kwa kila 1,000. Anapoteza, lakini polepole. Anayefunga kumi za namna hiyo pamoja anakatwa mara kumi: analipwa karibu mara 470, wakati nafasi yake ni 1 kwa 1,024. Kwa kila franka 1,000 anarudishiwa kama 459. Zaidi ya nusu imeliwa kabla refa hajapuliza filimbi! Ndiyo maana bonasi zinatangazwa kwa koponi ndefu. Mfanyabiashara gani anaweka nyongeza kwenye bidhaa inayompa hasara?

"Lakini sisi mpira tunaujua," wanasema. Ni kweli, Lubumbashi inaujua. Inajua pia kwamba wakubwa huanguka: mwaka 2010 Mazembe iliipiga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuingia fainali ya vilabu vya dunia. Kujua mpira ni jambo moja, kujua bei ni jingine, na anayepanga bei naye anaujua mpira.

Wengine wanajitetea kwamba hata poka ni kamari na kuna watu wanaishi nayo. Wapo. Lakini kwenye poka mchezaji anapambana na mwenzake mezani, nyumba inachukua sehemu ndogo, na mwenye karata mbaya anaweza kuzitupa mapema. Kosa la kwanza la mgeni wa poka ni kucheza kila karata anazopewa. Kijana wa pari anafanya kosa hilo hilo kila Jumamosi, tena akikosa anaongeza mara mbili ili arudishe. Aanze na franka 1,000, akose mara sita mfululizo: zimekwenda 63,000, na sasa anatakiwa kuweka 64,000 ili abaki na faida ya 1,000. Hizo 64,000 ni pesa ya nani? Mara nyingi ni ya mwenye pikipiki, au ya mama aliyempa mwanawe akalipe shule.

Wabaya kuliko wote ni wale "walimu" wa WhatsApp wanaouza mechi "zilizokwisha kupangwa". Ujanja wao mtoto anaweza kuufanya. Mtu anachukua namba 90: 30 anawaambia wenyeji watashinda, 30 sare, 30 wageni. Kundi moja lazima lipate. Hao 30 anawagawa tena kumi kumi. Baada ya mechi mbili kuna watu kumi wanaoapa kwamba amepatia zote, na hao ndio anaowadai pesa ya mechi ya tatu. Wale 80 wengine wamekwisha kufungiwa, hawaonekani wakilalamika popote. Na kama kweli angejua matokeo, angehitaji dola tano za mtu anayekodi pikipiki?

Viongozi wa mitaa wanaopita mbele ya vibanda hivyo kila siku wangeweza angalau kuuliza umri wa wanaoingia. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti. Hawaulizi. Jumatatu mwenye pikipiki anadai pesa yake, na saa hiyo "mwalimu" amekwisha kutuma koponi ya Jumanne.