Garimoshi Kuukuu ni Darasa

Mwanafunzi wa Bariadi atakaye kuona reli hana budi kusafiri hadi Malampaka, wilayani Maswa, inakopita njia ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Kwa njia hiyo pamba ya Usukuma ilisafirishwa, ikivutwa kwanza na injini za mvuke, baadaye na za dizeli. Sasa reli mpya yenye upana wa milimita 1,435 inajengwa kati ya Mwanza na Isaka, nayo ya zamani ina milimita 1,000 tu. Yafaa kuulizwa mapema: vyombo vya zamani vikistaafu, viende wapi?

Wengi husema viyeyushwe, kwa kuwa chuma chakavu kina bei. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika.

Injini ya mvuke hufanya kazi yake hadharani. Moto huchemsha maji ndani ya boila. Mvuke uliobanwa husukuma pistoni. Fimbo ya chuma huugeuza msukumo huo kuwa mzunguko wa magurudumu. Mwanafunzi aweza kuufuata mwendo wote kwa kidole, toka tanurini hadi relini. Katika treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kazi hiyo imefichwa ndani ya masanduku yaliyofungwa.

Hata hivyo, mvuke usitukuzwe kupita kiasi. Kwa kawaida injini hizo zilitumia chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya kuni, makaa au mafuta kuvuta mizigo. Iliyosalia ilipotea bure. Ndiyo sababu mojawapo dizeli ilizishinda. Kushindwa huko nako ni somo la fizikia.

Kwingineko somo hili limetunzwa. Treni za chini ya ardhi za London zilianza mwaka 1863 zikivutwa kwa mvuke. Januari 2013, katika kuadhimisha miaka 150, injini iliyoundwa mwaka 1898 ilipitishwa tena katika njia hizo. Karibu zaidi, makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini mbili za Garratt zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1950, kila moja ikiwa na tani zipatazo 250. Zinaitwa Gelai na Shengena, na milima hiyo yote miwili imo Tanzania.

Mwanafunzi wa Simiyu asilazimike kuvuka mpaka ili ajifunze. Kuhifadhi kila behewa hakuwezekani. Lakini injini moja ya dizeli iliyofunguliwa ubavu, pamoja na behewa moja, chini ya paa pale Malampaka, zatosha. Walimu nao wasingojee paa hilo: wawatume wanafunzi kuandika maelezo ya madereva na mafundi wastaafu wangali hai.