Nembo ya bati haimpimi fundi

Imekuwa desturi sasa, hapa Mkolani na katika vitongoji vyote vinavyofuata barabara ya Shinyanga kutoka Butimba hadi Buhongwa, kwamba mwenye kujenga nyumba humuuliza muuza bati maswali kumi, na fundi wa kumwezekea humuuliza swali moja tu. Muuza bati huulizwa geji, huulizwa rangi, huulizwa kama bidhaa yake ina nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, huulizwa dhamana ni ya miaka mingapi. Fundi huulizwa bei. Akitaja bei iliyo chini ya ile ya mwenzake, mashauri yamekwisha, na kesho yake ngazi inaegemezwa ukutani.

Desturi hii ni ya hatari. Tena wale wanaoitetea kwa jina la unyonge wa mwananchi wanamdanganya mwananchi huyo huyo, maana tajiri paa lake likiondoka hununua jingine, na mnyonge ndiye asiyeweza kuezeka mara mbili. Mwalimu mstaafu aliyeyageuza mafao yake yote kuwa mabati, au mama muuza dagaa aliyenunua bati mojamoja kwa miaka mitano na kuyalaza chini ya kitanda, hao ndio wanaopaswa kuwa wakali kuliko wote wanapochagua mkono utakaoyapigilia.

Ndugu msomaji, hebu tuiangalie hiyo nembo ambayo watu wameifanya kuwa hirizi. Shirika la Viwango liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kazi zake leo zinaongozwa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kazi hiyo ni kubwa na hatuibezi hata kidogo. Bila ya shirika hilo tungeuziwa makopo yaliyonyooshwa. Lakini shirika hupima bidhaa. Hupima unene wa bati na tabaka linalolikinga na kutu. Halipandi juu ya kenchi za nyumba ya mtu kuhesabu misumari. Nembo inasema bati lilitoka kiwandani likiwa zima. Haisemi lolote juu ya yale yaliyolipata baada ya kushushwa kwenye lori.

Na hayo yanayolipata ni mengi. Watu wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa. Kwa kweli upepo mkali upitapo juu ya paa hulinyonya na kuliinua, na ukiingia kupitia madirishani hulisukuma kutoka chini pia, hata paa likawa linavutwa juu na kusukumwa juu kwa wakati mmoja. Nguvu hiyo huwa kubwa zaidi kwenye kingo, kwenye pembe na karibu na kofia. Fundi anayejua jambo hili huongeza misumari kwenye kingo. Asiyejua huipunguza huko huko, kwa kuwa ukingoni ni mahali pabaya pa kusimama na yeye anaogopa kuanguka. Anayejua huanza kulaza bati upande usiotazama upepo, ili pale mabati yanapopandana mdomo wa bati la juu usielekee unakotoka upepo. Hupigilia kwenye mgongo wa bati, maji yapite bondeni. Na kabla ya yote hayo huwa amezifunga kenchi kwenye ukuta kwa waya au ukanda wa chuma uliozikwa ndani ya matofali. Nyumba ngapi katika vilima vyetu hivi vya mawe zimefungwa hivyo? Kenchi zimekaa juu ya ukuta kama kofia kichwani, zikingojea upepo wa kuzivua. Na dhoruba za Ziwa Victoria, wakazi wa Mwanza hawahitaji kufundishwa, nyingi hujikusanya juu ya maji usiku, watu wakiwa wamelala.

Hapa kuna jambo moja la kihistoria ambalo husahauliwa. Babu zetu wa Usukumani hawakumdai mwezekaji cheti, na walikuwa na haki. Nyasi zilikatwa na vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale wao, kila mtu aliijua kazi ile tangu utoto, na paa likivuja mwenye nyumba alipanda mwenyewe akaliziba. Elimu ya nyasi ilikuwa mali ya kijiji kizima. Bati si hivyo. Limebuniwa mbali: bati la migongo lilipatiwa hataza London mwaka 1829, na njia ya kulipaka zinki ikaja Ufaransa mwaka 1837. Tangu siku hizo limekuwa likibadilika, na kila linapobadilika anayeyajua mabadiliko hayo ni yule aliyelitengeneza. Bati la leo wanaloliita la rangi mara nyingi ni chuma kilichofunikwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, ambamo aluminiamu ni asilimia 55, kisha rangi juu yake. Huyu ni mnyama tofauti na bati jeupe ambalo fundi wa zamani alilizoea.

Chukua kalamu ya risasi tu. Fundi aliyezeeka katika kazi huchora mstari wa kukata kwa kalamu ya risasi, kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Kwenye bati lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, mstari ule unaweza kuwa mwanzo wa kutu. Kisha huwasha grainda. Cheche zake huunguza rangi na tabaka la kinga, na chembe za chuma zinazorukia bati la jirani huanza kuota kutu baada ya mvua chache. Kumbe mkasi wa bati ungefanya kazi ile ile bila madhara. Kisha fundi wa kuta hupiga lipu, saruji mbichi ikaangukia bati, na hakuna anayeiosha siku hiyo. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Wote ni watu wenye bidii. Ila hakuna kati yao aliyekaa mbele ya mtu wa kiwanda akaambiwa bidhaa hii inataka nini.

Sasa tuje kwenye dhamana, maana hapa ndipo mwananchi anapopunjwa bila kujua. Tangazo linasema miaka kadhaa, na miaka hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa. Masharti yameandikwa kwa herufi ndogo. Dhamana za namna hii, popote zinapotolewa duniani, kwa kawaida hukataa madhara yaliyotokana na uwekaji mbaya: bati lililokatwa kwa moto, lililofungwa kwa misumari isiyostahili, lililolazwa kwenye mteremko mdogo kuliko ulioruhusiwa. Kwa hiyo dhamana ya miaka mingi inaweza kufa siku ile ile ya kuezeka, saa nne ya asubuhi, mwenye nyumba akiwa chini ya mwembe anawapikia mafundi chai. Baada ya miaka mitatu atakwenda dukani na bati lililooza. Duka litamwelekeza kiwandani, kiwanda kitamwelekeza kwa fundi, na fundi amehamia Geita, na namba yake ya simu haipatikani.

Cheti cha kiwanda kinaukata mzunguko huo. Maana yake ni kwamba mtengenezaji amemfundisha mtu huyu, amemwona akifanya kazi, na ameliweka jina lake katika orodha. Kiwanda kilichompa fundi cheti hakiwezi tena kusema hakimjui. Huko Marekani, makampuni ya vifaa vya kuezekea kama GAF na Owens Corning yanaendesha utaratibu wa jinsi hiyo: dhamana ya kawaida ya bidhaa humfikia mnunuzi yeyote, lakini ile ndefu, inayobeba na kazi ya mikono, hutolewa pale tu mwezekaji anapokuwa miongoni mwa waliothibitishwa. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Wanauza bidhaa, na wametambua kwamba paa baya huharibu jina la kiwanda kabla ya jina la fundi. Haki ya mnunuzi imepatikana humo humo.

Wapo watakaotuambia, "Fundi wangu ana miaka ishirini kazini, karatasi ya nini?" Tunawauliza na wao: dereva wa daladala mwenye miaka ishirini barabarani, je, askari akimsimamisha pale Nyegezi humwonyesha miaka yake au leseni yake? Uzoefu ni kitu cha thamani, lakini uzoefu wa kurudia kosa moja kwa miaka ishirini nao huitwa uzoefu. Na fundi aliye hodari kweli hana sababu ya kuuogopa mtihani. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani, akapimwa na kupewa cheti. Mlango huo uko wazi kwa mafundi wetu.

Wengine watasema kwamba cheti kitapandisha bei. Huenda. Lakini mbona hawalalamikii ile bei nyingine iliyofichwa? Inajulikana na kila mtu kwamba yapo maduka ya vifaa vya ujenzi yanayompa fundi kamisheni kwa kila mteja amletaye, na fundi wa namna hiyo humpeleka mteja penye kamisheni nono, si penye bati nene. Humshauri geji 32 mahali palipotaka 28, akijua kwamba wengi hawafahamu kuwa namba ikipanda unene hushuka, na kwamba geji 32 haifiki hata theluthi moja ya milimita. Huo ni ulanguzi, na mlipaji ni yule yule aliyefurahia fundi wa bei nafuu.

Tusitumie maafa kutia chumvi hoja yetu. Usiku wa tarehe 3 Machi, 2015, mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za udongo, na si cheti cha mwezekaji ambacho kingeziokoa. Lakini usiku ule ulituonyesha anga la kanda hii lina nguvu kiasi gani. Na kila msimu wa mvua huja na habari ya shule iliyoezuliwa madarasa, watoto wakasomea chini ya miti. Baadhi ya madarasa hayo kuta zake zimebaki zimesimama wima, hazina ufa. Kilichoondoka ni paa peke yake. Hapo ni haki kuuliza nani aliliweka, na nani alimthibitisha.

Cheti chenyewe nacho kikaguliwe, maana yapo makaratasi ya kughushi, na ipo hila iliyo mbaya zaidi ya kughushi: mwenye cheti huja kupatana bei na kupokea malipo ya awali, kisha hupeleka vijana wawili ambao hawajawahi kukiona kiwanda hata kwa picha. Mwenye nyumba adai kwamba jina lililo kwenye cheti ndilo la mtu atakayekuwa juu ya paa. Apige simu kiwandani kuuliza kama jina hilo wanalijua, wala asitumie namba aliyopewa na fundi. Adai dhamana iandikwe kwa jina lake mwenyewe, pamoja na jina la mwezekaji na tarehe ya kazi. Sehemu ya malipo aizuie mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Na asikichanganye cheti hicho na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Bodi husajili kampuni ya ujenzi kwa daraja lake, lakini haisemi kama kampuni hiyo inalijua bati la kiwanda fulani.

Lawama iliyobaki ni ya viwanda vyenyewe. Ni rahisi kumdai mwananchi wa Mkolani amtafute fundi mwenye cheti. Je, wako wangapi, na orodha yao imebandikwa wapi? Semina ya nusu siku yenye soda na fulana si mafunzo, na cheti kinachotolewa kwa kila aliyehudhuria hakina maana kuliko ile fulana. Viwanda vikae na VETA, mafunzo ya msingi yawe mamoja na mtihani usimamiwe na chuo, kila kiwanda kiongeze tu yale yanayohusu bidhaa yake. La sivyo cheti kitakuwa kamba ya kumfunga fundi kwenye duka moja. Orodha za majina zipelekwe katika ofisi za kata na za mitaa, zibandikwe ukutani karibu na matangazo ya vibali vya ujenzi. Malori ya viwanda hivyo hupita Mkolani karibu kila siku yakiwa yamesheheni mabati. Mkufunzi mmoja anaweza kupanda katika lori hilo hilo.